Shofere yuko ku video, sisi nyuma tunaomba Mungu: kwa nini simu mu volani (usukani) haituogopeshi kama pombe?

Mukaaji_wa_Panzi
Jambo bandugu. Niko na swali moya linanisumbua tangu jana mangaribi, hata usingizi nilikosa. Nilipanda taksi-bisi hapa Bukavu, kutoka Nyawera kurudi Panzi, nikakaa mbele kando ya shofere. Kufika fasi ya Essence akatoa simu akaiegemeza ku volani, nikafikiri anatafuta namba ya mutu, kumbe anaangalia video. Anasukuma na kidole gumba, anacheka, anainua macho mara moya, anarudia tena. Na mbele yetu kuko bamama wanapanda na mabeseni ku kichwa, kuko batoto wanatoka masomo. Nikamwambia "papa, weka ile simu kwanza." Akanijibu "mama usiogope, niko na miaka 11 mu hii kazi." Gari nzima kimya. Hakuna hata mutu moya aliniunga mkono.
Sasa kama angekuwa ameshika chupa ya pombe, tungepiga makelele bote, tungeshuka. Mimi nasema simu imepita pombe kwa ubaya, juu mulevi tunamusikia harufu tangu mulangoni, mwenye simu hana harufu. Kwa vitesi (mwendo) ya kilomita 60 kwa saa, ukiangalia simu sekunde 5 tu, umeshaenda mita 50 na macho imefungwa. Njo ninauliza, kwa nini hatuogopi?

MotariBagira
Pole mama. Ila najua hii uzi itatufikia tu sisi bamotari, ba kuendesha moto (pikipiki), basi niseme mapema, musitutie bote mu gunia moya. Kiliya (muteja) wa Muhumba akiniita mara mbili bila kujibu, anaita mwengine, na huyo mwengine njo atakuwa wake wa kila siku. Jioni patro, mwenye moto, anangojea veresema yake (feza ya kila siku), hataki kujua kama nilikataa simu juu ya usalama. Simu njo jembe yangu. Mimi naitia mu kaske (kofia ya moto) kando ya sikio, mikono yote mbili inabaki ku moto, naongea huku naangalia njia. Video siangalii, hiyo nakubali ni upuuzi.

Mwalimu_wa_Hesabu
Aksanti kwa uzi. Mama Mukaaji, hesabu yako imekosea, na imekosea upande wa kutufariji. Kilomita 60 kwa saa ni mita 60,000 kwa sekunde 3,600, ukigawa unapata karibu 16.7 kwa kila sekunde. Mara 5 ni mita 83, siyo 50. Na hizo ni mita kabla hata mguu haujagusa frene (breki), bado hujahesabu muda wa kushtuka na urefu wa gari kuteleza mpaka isimame. Zile sekunde 5 zenyewe hukuzitoa hewani, idara ya usalama wa barabara ya Marekani, NHTSA, inazitaja hizo hizo, kwamba kusoma ama kutuma ujumbe kunakutoa macho njiani kama sekunde 5, na kwa mwendo wa karibu 88 ni urefu wa uwanja mzima wa mupira wao.

Sambaza_Tamu
Mwalimu na heshima zote, nani anakimbia 60 hapa Bukavu na hii mashimo? Mu ambuteyaje (foleni ya magari) ya Nyawera asubui tunaenda pole kuliko mutu wa miguu, ndani ya gari unaweza kusoma gazeti yote. Watu wanashika simu juu wamesimama, njia njo inatufundisha hiyo tabia.

Mwalimu_wa_Hesabu
@Sambaza_Tamu chukua 20 basi, mwendo wa mutu anatafuta fasi ya kuegesha. Ni mita 5 na nusu kila sekunde, kwa sekunde 5 ni mita 28. Mutoto wa miaka sita anavuka njia nzima mu muda huo na anarudi kuchukua kiatu yake. Na ambuteyaje nakubali kidogo, tabia inazaliwa gari ikiwa imesimama, ila haibaki pale. Gari ikianza kutembea mutu anasema "namalizia tu hii."

MamaFuraha
Huyo mutoto wa kurudi kuchukua kiatu umenigusa mwalimu, haukujua. Wangu wa pili aligongwa mwaka jana kando ya masomo, moto ilipanda mpaka pembeni kwa mutaro fasi alikuwa amesimama. Hakukuwa mvua, hakukuwa giza, njia ilikuwa nyeupe. Yule kijana alishuka akalia, akasema "nilikuwa namujibu mutu." Mguu ilivunjika fasi mbili. Leo anatembea, Mungu asifiwe, ila akisikia klakso (honi) anashika nguo yangu. Sina chuki na yule kijana, alikuja hospitali kila siku na maziwa. Nataka tu mujue ni neno moya alikuwa anaandika. Nilimuomba anionyeshe. Ilikuwa "nakuya".

Mukaaji_wa_Panzi
Pole sana mama Furaha. Pole kabisa.

Shofere_RN5
Niruhusu na mimi niseme, niko mu njia ya Uvira tangu 2001. Munasema simu kama ni muchezo, ila kwa sisi ba njia ndefu simu njo macho ya pili. Tuko na vikundi vya WhatsApp, mwenzako aliye mbele anaandika udongo umeanguka fasi fulani, lori imelala mu kona, ama leo musipite ile fasi, watu banakimbia. Kupita Ngomo bila habari, na zile kona, kilima upande moya na bonde upande mwengine, ni kujitupa. Kuko siku nilisoma ujumbe moya nikageuza gari, na waliokuja nyuma yangu waliacha mali yao kule. Sasa weye wa mujini unaniambia nizime simu? Ningezima ile siku ingekuwa nini?

Nesi_wa_Ibanda
Mushamuka (muzee wetu), hakuna anayekukataza habari, swali ni nani anaisoma. Konvwayeri (kondakta) wako ana macho mazuri na hashiki volani.

Shofere_RN5
Na njo ninafanya, binti yangu. Simu yangu iko kwa konvwayeri tangu tunatoka Bukavu mpaka tunafika. Anasoma kwa sauti, abiria bote banasikia, hata uongo tunausikia pamoja. Ila nilianza hiyo kiisha kuponea, siyo juu ya akili nyingi. Mwaka wa 2017 nilikuwa nasikiliza odio ya dakika tatu, mwisho wa odio lori imesimama mbele yangu. Nilisimamisha gari, katikati kulibaki fasi ya mutu moya kupita.

Kijana_wa_Ndosho
Salaam kutoka Goma, muji wenye njia ya kunyooka 😄 Nyinyi ba Bukavu kwanza muko na vilima, pili muko na udongo unateleza, tatu munaongeza TikTok, kweli muko na moyo.
Ila namuunga mushamuka wa RN5. Usiku ule wa tarehe 22 mwezi wa 5 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, mbingu nyekundu, kila mutu alikuwa mu volani na simu ku sikio, moya anauliza lava imefika wapi, mwengine anatafuta batoto wake, wengine banaenda Sake wengine banaenda barriere (mupaka wa Rwanda). Hakuna mutu angeweza kuzima simu ule usiku. Nafikiri njo mizizi ya hii mambo kwetu huku mashariki, tumezoea kwamba habari inaweza kukuponyesha, basi simu ikilia mwili wote unashtuka hata kama ni mutu anakutumia sala ya asubui.

Sambaza_Tamu
Njia ya kunyooka yenye mawe ya volkano na chukudu (baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo) inashuka bila frene 😂 baki kule Goma yetu wapenzi.

Kijana_wa_Ndosho
Chukudu iko na frene, ni kiatu ya mwenyewe. Na mwenye chukudu sijamuonaka hata siku moya na simu mu mukono, heshimu.

Bluu_ya_Ziwa
Jamani munazunguka sana. Dawa iko: nunua Bluetooth, tia sikioni, mikono iko huru, macho iko mbele, kesi imekwisha. Shida ni umaskini wa vifaa.

Nesi_wa_Ibanda
@Bluu_ya_Ziwa hapana kaka yangu, na hapa lazima nikukosoe juu wengi banaamini hivyo. Kuko uchunguzi wa Toronto, Kanada, ulitoka mwaka 1997 mu New England Journal of Medicine, walichukua madereva 699 waliopata ajali na orodha ya simu walizopiga. Walikuta ukiwa ku simu hatari ya kugonga inazidi mara 4 hivi, na wenye simu ya kushika na wenye ya bila kushika hawakuonyesha tofauti ya maana. Hata Shirika la Afya Duniani linasema ile ile, mara 4, na kwamba kuachilia mikono hakusaidii sana. Kinachokosekana siyo mukono, ni akili. Unaweza kuangalia mutu mbele yako na ubongo usimuone, juu uko Kinshasa mu maneno ya mwenzako.
Na @MotariBagira kaske yako njo hiyo hiyo.

MotariBagira
Sasa abiria kuongea na mimi nyuma ya moto si ni ile ile?

Nesi_wa_Ibanda
Swali nzuri. Abiria anaona njia sawa na weye. Lori ikitokea ananyamaza, ama anakushika bega. Yule wa ku simu amekaa ku kiti nyumbani, haoni lori, anaendelea kukuuliza mambo ya deni.

Mutu_wa_Kadutu
Nesi umesema vizuri ila narudia kwa neno la mama la kwanza, kwamba simu imepita pombe. Hiyo imepimwa kweli? Ama ni uchungu tu unasema?

Nesi_wa_Ibanda
Imepimwa kidogo. Chuo cha Utah, Marekani, mwaka 2006, watu 40 mu mashine inayoigiza gari, wakawapima wakiwa wazima, wakiongea na simu, na wakiwa wamekunywa mpaka kiwango ambacho sheria ya kule inaita ulevi. Watu watatu waligonga gari ya mbele, bote watatu walikuwa ku simu, hakuna hata mulevi moya. Wa simu walichelewa kukanyaga frene, walevi waliendesha kwa ukali na kufuata gari ya mbele karibu karibu.

Mwalimu_wa_Hesabu
Hapo tuchunge, watu 40 ni wachache na ile ni mashine, tena kipimo cha pombe kilikuwa kimoja tu. Mutu asitoke hapa akasema "basi nikunywe, simu ndiyo mubaya." Mulevi wa kasigisi (pombe ya ndizi) wa usiku wa manane hakuwemo mu ule uchunguzi. Na tena wale walikuwa wanaongea tu. Kusoma na kuangalia video kunaondoa macho na akili pamoja.

Wakili_wa_Labotte
Nimefika nyuma, samahani. Nimeona hakuna mutu anauliza sheria. Kode yetu ya barabara ni sheria namba 78/022 ya tarehe 30 mwezi wa 8 1978. Angalieni ule mwaka. Simu ya mukononi ilikuya Kinshasa na kampuni ya Telecel mu miaka ya 1980, maana yake kode ilizaliwa kabla ya simu, haikuweza kuikataza kwa jina. Njo ninasema hatuogopi juu hatujaonaka mutu anahukumiwa kwa hiyo.

Mutu_wa_Kadutu
Wakili una haki nusu. Nchi yetu iko mu mkataba wa Vienna wa usalama barabarani wa 1968, kifungu cha 8 tangu zamani kinasema dereva lazima aweze kutawala gari yake saa yote, na mwaka 2006 wakaongeza pale pale kwamba sheria ya nchi ikataze simu ya kushika gari ikitembea. Kwa hiyo kusema tuko mu utupu siyo kweli. Kinachokosa ni mutu wa kusimama njiani na kuuliza.

Wakili_wa_Labotte
Nakubali, aksanti kwa kunikumbusha. Ila mkataba unaambia serikali, hauambii shofere wa Panzi. Mutu wa kuuliza anaomba kifungu chenye faini, na mkataba hauna faini.

Mutoto_wa_Nguba_Lille
Niko Ufaransa miaka 8, huku faini iko, euro 135 na wanakutoa alama 3 ku perimi (leseni), na tangu mwezi wa 7 2015 hata vile vya kutia mu sikio vimekatazwa. Uingereza walikataza simu ya kushika tangu 2003, mwaka 2022 wakakaza hata kupiga picha ama kuchagua muziki, pauni 200 na alama 6. Na bado. Kila asubui ku taa nyekundu naona vichwa vimeinama, taa inakuwa ya majani kibichi hakuna anayeondoka. Faini imesaidia kuficha, wanaweka simu chini ku magoti, na hiyo naona ni mubaya zaidi juu macho yanaenda mbali zaidi. Kwangu hii ni ulevi, hizi programu zilitengenezwa usiache. Chuo cha Florida State mwaka 2015 walikuta hata mulio tu wa simu, bila kuigusa, unaharibu umakini wa mutu mu kazi aliyo nayo.

MamaFuraha
Sasa ulevi ni wa nani? Mimi nasema ukweli, yule kijana alikuwa anamujibu mutu. Mutu alikuwa anangojea jibu. Sisi nyumbani tunapiga "uko wapi" mara tano, mutu asipojibu tunakasirika, tunasema ana mambo. Mimi mwenyewe nilikuwa napigia baba Furaha hivyo, najua yuko mu volani na ninapiga. Tangu ile siku niliacha. Akitoka ananiandikia "natoka", kiisha sipigi mpaka nione mulango.

Bluu_ya_Ziwa
Mama Furaha nakuheshimu, ila hiyo haielezi yule wa video. Nani alikuwa anangojea jibu mu video?

Sambaza_Tamu
Na wale ba laivu? Kuko kijana moya mu taksi, namufuata TikTok, anafanya laivu gari ikitembea, anasoma majina ya watu wanaomutupia maua, "aksanti yaya wa Dar, aksanti mukubwa wa Kampala." Yale maua yanaingiza feza. Siku moya kwa laivu anaweza kupata zaidi ya abiria. Hapo siyo ulevi, siyo bibi, ni njaa.

Mukaaji_wa_Panzi
Nimerudi, nilikuwa soko. Mwalimu aksanti, mita 83, nimeandika mu daftari na nitaisema mu gari. Nimesoma yote. MotariBagira anasema jembe, mushamuka anasema habari, mama Furaha anasema sisi wa nyumbani, Lille anasema ulevi, Sambaza anasema njaa, wakili anasema sheria. Sawa. Ila hakuna aliyejibu ile kimya. Mu gari tulikuwa watu 16, na abiria hana patro, hana kiliya, hana laivu. Kwa nini tulinyamaza?

Mutu_wa_Kadutu
Tulinyamaza juu na sisi tulikuwa ku simu, mama. Kumbuka vizuri. Wangapi walikuwa wameinama?

Mukaaji_wa_Panzi
Umenikata maneno. Kweli, wengi. Na wanapitisha hata njia hivyo hivyo, juzi Nyawera kijana alishuka ku mutaro akiandika, moto ikamukwepa ikaingia ku meza ya mama wa matomati.

Kijana_wa_Ndosho
Mimi naona ni haya. Kwetu kumwambia mutu mukubwa "fanya hivi" mbele ya watu ni kumushusha. Tena akikasirika anaongeza vitesi kukuonyesha. Nilionaka hiyo ku njia ya Sake.

Shofere_RN5
Kijana hapo umesema ukweli wa bashofere. Ukinikosoa kwa ukali nakanyaga. Ila nitawapa njia, mimi ni shofere na najua kinachonishinda: usiseme "weka simu". Sema "papa, nipe nikushikie, nikujibie." Hapo umenipa heshima na umenichukulia simu. Siwezi kukataa. Mara mbili abiria walinifanyia hivyo, mara mbili nilitoa.

MotariBagira
Nisikilize nami niseme kitu sikutaka kusema. Ile ya kaske. Mwezi uliopita nashuka Nyamugo na mama moya mjamzito nyuma, simu ikateleza kutoka mu kaske, nikaachilia mukono niidake. Kwa hesabu ya mwalimu sijui ilikuwa mita ngapi. Nilidaka simu. Nilipoinua macho nilikuwa upande mwengine wa njia, na gari ilikuwa imesimama yenyewe inaningojea, ule shofere aliniona mapema. Mama nyuma hakusema neno, alilipa, akashuka, akaenda kwa miguu, na tulikuwa hatujafika. Nawaza ule mama kila siku. Leo nimesoma ya mama Furaha, "nakuya", nimeacha kazi saa nzima nimekaa.

MamaFuraha
Mwanangu, aksanti kwa kusema. Mungu akuchunge.

Bluu_ya_Ziwa
Sasa bakiliya utawafanya nini? Nauliza kweli siyo kukuchokoza.

MotariBagira
Nimewaandikia bote leo: nikiwa njiani sijibu, tuma ujumbe, nikisimama nitapiga. Watatu wamejibu sawa. Moya ameshatafuta mwengine. Patro bado sijamwambia.

Nesi_wa_Ibanda
Tia simu mu mufuko wa ndani wa jaketi na uzime mulio, usibakishe mulio ule tu. Lille amesema, ukiusikia umeshaondoka.

Sambaza_Tamu
Tukiwa bado hapa, kesho saa kumi na mbili asubui naenda Kavumu na mamangu mugonjwa. Nani anajua shofere wa upande wa Brasserie ambaye simu yake haiko ku volani? Nauliza kwa kweli.

Mutu_wa_Kadutu
Kuko muzee moya na Hiace ya kijivu, anapakia mapema, simu yake ni ile ndogo ya vifungo. Lakini anaongea mingi, kaa mbele umusikilize.

Mukaaji_wa_Panzi
Ukimupata utuambie hapa. Mimi jioni narudi Panzi, na nikimukuta yule yule nitamwambia nimushikie.